Darasa Lilipohamia Nyumbani kwa Mwanafunzi: Vyuo Vikuu vya Kenya katika Mwaka wa Korona



Nimeombwa nizungumzie jinsi vyuo vikuu vyetu vilivyohamishia ufundishaji mtandaoni wakati wa korona. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, isimu hasa, wala si fundi wa kompyuta. Sitaeleza mitambo. Nitaeleza darasa, maana ndilo ninalolijua. Neno kuu nililokuja nalo nalisema mapema ili lisipotee njiani: mwaka 2020 tulitangaza kwamba masomo yamehamia mtandaoni, na kumbe yalikuwa yamehamia nyumbani kwa mwanafunzi. Umeme, kiti, utulivu, maktaba, intaneti, yote ambayo chuo huyatoa kwa karo na kodi, kwa siku chache tu yakawa mzigo wa wazazi wake. Mipango yetu ya wakati ule haikuliona hilo. Ninaposoma baadhi ya sera za masomo ya mtandaoni zilizoandikwa tangu hapo, naona bado tunahesabu kompyuta za chuo na kuisahau nyumba.

Wiki ya magodoro

Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa Ijumaa, tarehe 13 Machi 2020. Jumapili iliyofuata Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kufungwa kwa taasisi za elimu, na vyuo vikuu vikapewa hadi Ijumaa ya tarehe 20 viwe vimefunga. Sisi tulikuwa katikati ya muhula. Kuanzia Jumatatu wanafunzi walikuwa wakishuka ngazi za mabweni na magodoro vichwani na ndoo mikononi, ndani ya ndoo sufuria na jiko dogo la umeme. Mmoja alipita ofisini kwangu na katoni iliyofungwa kwa kamba ya katani. Aliniomba aiache hapo. "Si ni wiki mbili tatu tu, mwalimu, halafu turudi." Katoni ile ilikaa chini ya meza yangu mpaka mwaka uliofuata. Ndani mlikuwa na kamusi, vitabu vitatu vya kozi na madaftari yake yote.

Nitairudia katoni hiyo baadaye.

Vyuo vyetu vina mazoea ya kufungwa. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Migomo ya wanafunzi imetufunga mara nyingi, na migomo yetu wenyewe wahadhiri ilisimamisha masomo mwaka 2017 na tena 2018. Kila mara utaratibu ulikuwa ule ule: lango linafungwa, watu wanasubiri, lango linafunguliwa, tunafidia kwa kubana muhula. Kufunga tulikujua. Jambo geni la 2020 lilikuwa kuambiwa tufundishe huku tumefungwa.

Na tulifungwa kwelikweli. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili watu walizuiwa kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake, na siku mbili baadaye ikawa zamu ya Mombasa, Kilifi na Kwale. Vizuizi vya Nairobi na Mombasa havikuondolewa hadi tarehe 7 Julai. Mwanafunzi aliyeenda kwao Kwale hakuweza kurudi Nairobi hata kwa saa moja kuchukua kitabu.

Majirani zetu walichukua njia nyingine. Tanzania ilifunga vyuo tarehe 18 Machi na kuvifungua tarehe 1 Juni, na vyuo vingi huko havikujaribu kuendesha mihula mtandaoni katika kipindi hicho. Siko hapa kupima siasa za ugonjwa. Nasema la darasa tu: kule wanafunzi walipoteza wiki kumi hivi, lakini walizipoteza pamoja, wakarudi wakakaa kwenye viti vyao wote wakiwa pale walipoachia. Kwetu masomo yaliendelea kwa wengine na kukatika kwa wengine, katika darasa moja, chini ya mwalimu mmoja. Nimelifikiria sana jambo hili na bado linaniuma.

Bara, bara

Tusiseme hatukuwa na kitu. Vyuo vya Kenya vilikuwa na KENET, mtandao wa elimu na utafiti ulioanzishwa mwaka 1999, ambao ulivipatia vyuo vingi mitambo ya BigBlueButton ya kuendeshea mihadhara. Walioshindwa hapo walikimbilia Google Meet, au Zoom, ambayo kwa asiyelipa ilikuwa inakata kikao baada ya dakika 40. Mwishoni mwa Machi mwaka ule, Charles Hodges na wenzake wanne wa vyuo vya Marekani waliandika makala wakitutaka tutenganishe mambo mawili: elimu ya mtandaoni, ambayo hupangwa kwa miezi mingi kabla ya mwanafunzi wa kwanza kuingia, na ufundishaji wa dharura kutoka mbali, ambao ni hema linalopigwa baada ya nyumba kuungua. Mfano wa hema ni wangu, hoja ni yao. Sisi tulipiga hema, kisha baadhi ya wakubwa wetu wakaliita jengo jipya.

Somo langu la kwanza la moja kwa moja lilikuwa la fonolojia, mada ikiwa mkazo. Mwalimu yeyote wa Kiswahili anaujua mfano wetu wa kila mwaka. Neno barabara likiwekwa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho ni njia ya magari; mkazo ukisogea hadi silabi ya tatu kutoka mwisho, ni sawasawa, vizuri kabisa. Darasani mfano huu huchukua dakika mbili. Ninatamka, wanarudia kwa pamoja, tunaendelea.

Siku ile nilianza kwa kuuliza, "Mnanipata?" Kimya. Baadaye zikaanza kuingia jumbe za maandishi: "Unakatikakatika, mwalimu." "Tunakupata kidogo." Hawakufika nusu ya darasa. Nilitamka neno lile labda mara nane, kila mara nikiinua sauti zaidi, kama mtu anayemwita mvuvi aliyeko ng'ambo ya ghuba. Msichana mmoja akaandika: "Mwalimu, nasikia bara, bara." Mtandao hafifu ulikuwa umenitafunia silabi, na uliniacha bila kile hasa nilichokuwa nikikifundisha.

Usiku ule nilijifunika blanketi ili kelele za nje zisiingie, nikarekodi maelezo yale yale kwenye WhatsApp, dakika saba, nikayatuma katika kundi la darasa. Nikawaomba kila mmoja atamke maneno yale mawili na kunirudishia.

Kuna hesabu hapa ambayo ningependa kila mkuu wa idara aifahamu. Saa moja ya mkutano wa video inaweza kumeza megabaiti 500 au zaidi. Sauti yangu ya dakika saba haikufika megabaiti mbili. Sauti ile hupakuliwa mara moja, ikasikilizwa mara kumi bila bando, ikarushwa kwa Bluetooth kwa jirani anayesoma kozi hiyo hiyo. Na haikatiki silabi: kama mtandao ni mbovu, inachelewa kufika, lakini ikifika imefika nzima.

Asubuhi nilikuta sauti za wanafunzi zimejaa katika simu. Barabara, barábara. Walikuwa wamepata. Na nyuma ya kila sauti kulikuwa na jingine: jogoo, redio ya matangazo ya vifo, mtoto anayelia, mvua kwenye mabati, mama akimwita mtu aende kisimani. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sikuwahi kuingia nyumbani kwa mwanafunzi. Ndipo nilipoanza kuzisikia nyumba zao.

Simu ya kaka

Sauti moja ilinivutia kwa sababu ya saa iliyotumwa: saa kumi na dakika ishirini alfajiri. Ya pili yake ilikuja saa tano usiku. Ya tatu tena alfajiri. Mwenye sauti alikuwa msichana wa mwaka wa pili, kwao ni Kinango, kaunti ya Kwale. Katika orodha ya mahudhurio ya vipindi vya moja kwa moja, vilivyokuwa saa nne asubuhi, alikuwa hana tiki hata moja. Mfumo ulimhesabu kwamba hayupo. Nilimpigia jioni kwa namba aliyotumia.

"Shikamoo, mwalimu. Simu ni ya kaka," alisema. "Ana bodaboda. Anaondoka nayo kafyu ikiisha, anarudi nayo kafyu ikianza."

Nikamuuliza mchana anasoma na nini. Akasema mchana hasomi, mchana kuna kazi. Maji yako mbali, mama yake anauza mboga sokoni, wadogo zake wanne shule zimefungwa na wote wako nyumbani. Betri ya simu kaka yake aliichajisha kwa kinyozi kituoni, kwa sababu nyumbani hawakuwa na umeme. Mchango wa bando ulikuwa wa kaka pia. Kisha akanieleza, bila mimi kumwuliza, tofauti kati ya mkazo wa neno na mkazo wa sentensi, kwa mifano yake mwenyewe kutoka Kiduruma. Ilikuwa ni kozi nzima ya wiki tatu, na alikuwa ameielewa kuliko wengi waliokuwa na tiki zote.

Ningependa tukae hapa kidogo. Kijana wa kiume anaporudi nyumbani kutoka chuo, katika nyumba nyingi msomi amerudi, apumzishwe. Msichana anaporudi, mikono imerudi. Hili halikuanza na korona, ila bweni lilikuwa linalificha. Bweni lilimpa msichana kitu ambacho hatukukiandika katika bajeti yoyote: saa za mchana ambazo hakuna mtu wa kumtuma. Tulipomrudisha nyumbani tulimnyang'anya saa hizo, kisha tukampangia kipindi saa nne asubuhi.

Wala hakuwa peke yake. Sensa ya 2019, iliyofanywa miezi saba tu kabla ya ugonjwa kuingia, ilikuwa imetuambia kila kitu. Kati ya Wakenya wa umri wa miaka mitatu na kuendelea, waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6. Waliotumia kompyuta, asilimia 10.4. Nyumba ambazo taa yake kuu ni ya umeme zilikuwa nusu tu, asilimia 50.4. Takwimu hizi zilikuwa zimechapishwa, ziko wazi, na zilikuwa katika maktaba zetu. Sikumbuki kikao hata kimoja cha idara au kitivo ambapo mtu alizifungua, mimi nikiwamo.

Baada ya simu ile nilibadili ratiba. Sauti za somo nilizituma saa moja na nusu jioni, kafyu ikiwa imeshaanza, kwa sababu kafyu ile iliyotufungia ndani ilikuwa pia inazirudisha simu nyumbani. Mahudhurio niliyahesabu kwa kazi iliyorudishwa ndani ya siku nne, si kwa kuonekana kwenye kioo. Kipindi cha moja kwa moja nilikibakisha kwa maswali tu, mara moja kwa wiki, usiku. Wanafunzi wa mjini wenye Wi-Fi walinung'unika kidogo, wakazoea. Ofisi iliyokuwa ikikusanya takwimu za mahudhurio chuoni iliniandikia mara mbili kuniuliza kwa nini kozi yangu haionekani katika mfumo, na mara zote mbili niliwaeleza, nikitaja kaka, bodaboda na kafyu. Sikujibiwa.

Tulichokuwa tumekisahau

Jambo linalonisikitisha zaidi ni kwamba sisi, katika nchi hii, tuliwahi kuyajua haya. Mwaka 1967 kilianzishwa kitengo cha masomo ya posta katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, pale Kikuyu, chini ya chuo cha Nairobi, wakati kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwainua walimu wa shule za msingi wasio na mafunzo ya kutosha, bila kuwatoa vijijini walikofundisha. Walitumiwa masomo kwa posta, wakasikiliza vipindi vya redio, wakakutana na wakufunzi ana kwa ana kwa vipindi vifupi. Waliobuni mpango ule walianza na swali moja: mwanafunzi yuko wapi, na nini kinamfikia pale alipo? Jibu lilikuwa redio na posta, wakatumia redio na posta.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, kilijengwa juu ya fikra hiyo hiyo, na ndiyo maana kina vituo mikoani. Kituo cha mkoa si jambo la fahari, ni chumba chenye meza, taa na mtu wa kuuliza. Lakini ni chumba cha chuo. Mwanafunzi haombi ruhusa kwa mama mkwe ili akae humo.

Sisi tulipoambiwa tufundishe kutoka mbali, tuliangalia juu. Julai 2020 maputo 35 ya kampuni ya Loon yaliyobeba intaneti yalianza kutoa huduma juu ya sehemu za magharibi na kati mwa Kenya, kwa ushirikiano na kampuni ya simu ya Telkom, na wengi wetu tulitumaini sana. Januari 2021 mradi wenyewe ukatangazwa kufungwa. Sijutii majaribio ya aina hiyo, yanahitajika. Najutia katoni iliyokuwa chini ya meza yangu. Miezi yote ile vizuizi vya barabarani vilikuwa vikiruhusu malori ya mizigo kupita. Unga ulipita, mboga zilipita, simenti ilipita. Ningeweza kuiandika katoni ile jina na kituo, nikaipakia kwenye gari la mizigo, na mwanafunzi yule angekuwa na kamusi yake na vitabu vyake kufikia wiki ya pili. Chuo kizima kingeweza kufanya hivyo kwa vitabu vya maktaba. Haikutujia akilini, kwa kuwa tulikuwa tumeshaamua kwamba suala ni mtandao.

Uganda walifanya jambo ambalo tungeliiga. Mtandao wao wa elimu, RENU, ulipatana na kampuni za simu ili tovuti za masomo za vyuo zifunguliwe bila kukatwa bando. Kwetu baadhi ya vyuo vilipatana na kampuni kuwauzia wanafunzi bando kwa bei nafuu, na hilo lilisaidia, lakini bei nafuu bado ni bei, na aliyeilipa alikuwa kaka mwenye bodaboda.

Mtihani

Hapa nitakuwa mfupi. Mitihani ya kuandika mtandaoni katika kozi zangu ilinirudishia aya zilizofanana neno kwa neno, mpaka makosa ya tahajia. Sikuwa na nguvu ya kumshtaki mtu. Darasa lile la mwaka wa pili lilikuwa la watu sitini na kitu, nikaamua kumpigia kila mmoja, dakika kumi, mtihani wa mdomo. Ilinichukua zaidi ya jioni kumi na mbili na salio langu mwenyewe. Unaposikia mtu akitafuta mfano, akikosea, akijirekebisha, unajua anachokijua. Msichana wa Kinango nilimfikia saa nne usiku. Alijibu kwa kunong'ona, kwa sababu wadogo zake walikuwa wamelala katika chumba hicho hicho. Kati ya alama nilizotoa muhula ule, yake ndiyo niliyoitoa kwa uhakika mkubwa zaidi.

Njia hii haifai darasa la watu mia nne, na walimu wa maabara, uuguzi na ufundi wataniambia, kwa haki kabisa, kwamba haiwafai hata kidogo. Mwanafunzi wa uuguzi hajifunzi kudunga sindano kwa sauti ya WhatsApp. Kozi hizo zilistahili kusubiri, na waliosema hivyo mapema walisema kweli.

Ninachopendekeza

Ombi langu la kwanza ni kwamba kipindi cha moja kwa moja kisiwe tena kipimo cha mahudhurio katika kozi yoyote inayofundishwa kwa dharura. La pili, kila kozi iwe na toleo lake jepesi, la sauti na maandishi, lisilozidi megabaiti ishirini kwa wiki, liandaliwe sasa tukiwa na utulivu, si siku ya kufungwa. Vyuo kadhaa vikae pamoja na serikali za kaunti vipate vyumba katika maktaba na vyuo vya kiufundi vya mashinani, chumba chenye taa, meza na soketi, ambacho mwanafunzi wa chuo chochote anaweza kukitumia akionyesha kitambulisho. Ugonjwa ujao ukituzuia kukusanyika, watu kumi katika chumba cha watu hamsini watakaa mbalimbali, na msichana mmoja atakuwa amepata saa tatu za mchana zisizo na mtu wa kumtuma. Na chuo kigharimie bando la kozi zake kama kinavyogharimia taa za kumbi zake.

Hayo yanahitaji fedha na vikao. Lipo moja lisilohitaji, nami nalifanya katika madarasa yangu tangu 2021. Siku ya kwanza ya muhula kila mwanafunzi anajaza karatasi yenye maswali matano. Ukiwa nyumbani, simu unayotumia ni ya nani? Iko mkononi mwako saa ngapi? Unaichajia wapi? Ni saa ngapi nyumbani kwenu kuna utulivu? Kitabu kikitumwa, kishushwe kituo gani? Karatasi hizo nazihifadhi kwenye faili ofisini, na sasa chini ya meza yangu hamna katoni. Nakala za fomu nimeziweka kwenye meza iliyo karibu na mlango, za kutosha kila mmoja wetu.